Nimeshapoa

Mzee Chambo alikufa kwa adabu. Naanza na hilo kwa sababu kwenye taarifa yake imeandikwa "alifariki ghafla", na mimi ndiye niliyeandika, na si kweli.

Alikuwa kitanda namba 38 katika Wodi ya Mkonge. Zamani lilikuwa ghala la katani hapa Tanga. Likafagiliwa kwa wiki moja, likapigwa chokaa, likaitwa hospitali, na mpaka leo mvua ikinyesha linanuka kamba mbichi. Mwaka ule mvua za vuli hazikukatika. Ziliungana na masika, mbu wakapanda mpaka Lushoto, ambako watu walizoea kuvaa masweta, na dengi ikawa dengi nyingine. Tulikuwa na wagonjwa mia mbili na kumi na mbili, wauguzi wanne na daktari mmoja.

Mzee mwenyewe alikuwa fundi wa reli mstaafu, umri wa miaka sabini na moja. Ugonjwa wake hakuuita dengi, aliuita kidingapopo kama babu zake walivyouita, na alisema jina lenyewe tu linamvunja mtu goti. Siku tatu za kwanza homa ilimchapa sawasawa: nyuzi thelathini na tisa na nusu, macho yakimuuma kwa nyuma, viungo vyote vikilalamika, akatuambia kuna mtu anamfungua bolti moja moja. Siku ya nne akatulia. Asubuhi ya siku ya tano homa ilikuwa imeshuka kabisa, na Sikio likaanza mzunguko wake wa saa mbili.

Sikio ni kidude kidogo kuliko kifuniko cha sufuria, kinachoning'inia juu ya chandarua cha kila mgonjwa. Linapima joto la ngozi bila kumgusa mtu, linasikiliza pumzi, na mara sita kwa siku linamsemesha mgonjwa. Likimaliza linawasha taa. Nyekundu, kitanda kinakwenda chenyewe kwenye safu ya mbele, kwenye mashine za dripu. Njano, kinabaki. Kijani, kinatoka nje kwenda Banda la Nafuu kumpisha mgonjwa mwingine anayesubiri kwenye benchi.

"Pole, mzee Chambo," lilisema Sikio kwa ile sauti yake laini ya kike.

Nilikuwa vitanda vitatu kutoka pale, namtoa mtu dripu. Nilimwona mzee akijiinua kwenye mto, kama mtu anayesalimiwa na mkwe.

"Nimeshapoa, mwanangu," alisema, na akaendelea kusema kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya kelele za mvua kwenye bati.

"Vizuri sana. Pumzika," Sikio likamjibu.

Taa ikawa kijani. Breki za magurudumu zikajifungua, kitanda kikaanza safari. Alipopita mbele yangu mzee alinipungia mkono kama abiria wa treni, nami nikampungia.

Saa sita mama wa uji alikuja mbio kutoka Banda la Nafuu. Nilipofika mikono ya mzee ilikuwa baridi mpaka kwenye viwiko, tumbo limejaa, na uso wake umetulia kama wa mtu asiyetaka kumsumbua yeyote.

*

Kila mwanafunzi wa uuguzi anafundishwa jambo hili wiki ya kwanza ya dengi, na kila mwanafunzi analisahau. Homa si hatari yenyewe. Hatari ni siku homa inaposhuka. Mishipa inaanza kuvuja, maji ya damu yanapenya taratibu kuingia tumboni na kifuani, damu iliyobaki inakuwa nzito, na moyo unabaki kusukuma uji. Ndugu wanashika paji la uso na kushangilia kwamba mgonjwa amepoa. Amepoa kweli. Shika mikono yake uone.

Waliotengeneza Sikio walilijua hilo, siwezi kuwasingizia. Kwa kuwa vitendanishi vya maabara vilikuwa vimeisha tangu mwezi wa pili, walilifundisha liangalie mambo mawili kwa pamoja: joto na maneno. Homa imeshuka na mgonjwa anasema tumbo linamkata, anatapika, fizi zinatoa damu: nyekundu. Homa imeshuka na mgonjwa anasema ana nafuu: kijani. Hata mimi ningepanga hivyo.

Sheria inataka rekodi ya kila kifo isikilizwe, ila wiki tatu zile hakuna aliyekuwa na nafasi. Jioni ile, jua likiwa bado juu, nilikaa kwenye dawati la wauguzi nikafungulia rekodi ya mzee Chambo. Mvua haikuwemo. Sikio linajua kuchuja mvua.

"Pole, mzee Chambo."

"Nimeshapoa, mwanangu. Ila hili tumbo—"

"Vizuri sana. Pumzika."

Nilisikiliza mara tatu. Kisha nikafungulia rekodi za wafu wengine wa wiki tatu zile. Walikuwa kumi na tisa. Kumi na mmoja kati yao walijibu nimeshapoa, na baada ya neno hilo kila mmoja alianza kusema kitu, naye akaambiwa apumzike. Tisa kati ya hao walikuwa watu wazima wa zaidi ya miaka sitini, wale waliolelewa wakaleleka.

Sasa niseme kilichonitoa jasho. Ile sauti ya kike ni yangu.

Miaka sita kabla ya hapo, sina kazi, nilikaa miezi minne kwenye chumba juu ya duka la dawa pale Barabara ya Kumi na Tano, nikilifundisha Sikio Kiswahili. Wahandisi waliniuliza, mgonjwa wa huku tuanze naye vipi? Nikawaambia kwa majivuno kabisa: "Huku mtu hasemeshwi bila kupewa pole." Wakanirekodi nikisema pole mara mia mbili, mpaka neno likaisha ladha mdomoni. Baada ya hapo wakaniletea sentensi elfu arobaini, moja moja, kwenye kioo, nizipachike maana. Kila sentensi ilikuja peke yake, bila iliyotangulia. Ijumaa moja ikaja hii: *Nimeshapoa.* Chini yake palikuwa na vijumba vya kuchagua. Nikachagua "nafuu". Kikafuata kijumba cha pili kinachouliza hatua. Nikachagua "usifuatilie zaidi". Nilikuwa nawahi harusi.

Mtu yeyote wa hapa angeniambia nimekosea, kama angekuwepo. Nimeshapoa si habari ya mwili. Ni jibu la pole. Unalisema mguu ukiwa umevunjika. Unalisema msibani na maiti bado iko ndani. Habari yenyewe inakuja nyuma yake, mgeni akishakaa na kukuuliza mara ya pili, kwani hasa unasikiaje? Sikio halikuuliza mara ya pili kwa sababu mimi nililikataza.

Kamusi ile ya sentensi na maana zake, pamoja na sauti yangu, ilipendwa sana, baada ya hospitali ikachukuliwa na kila ofisi inayopokea simu. Nilizoea kuisikia sauti yangu ikiwapa watu pole za maji, pole za umeme na pole za mizigo iliyopotea. Nilikuwa najisifia mtaani.

*

Dk. Semkiwa alikuwa amekaa juu ya kreti, mkono mmoja unakula muhogo wa kukaanga, mwingine unasaini vyeti vya vifo. Alikuwa kijana bado, lakini mwezi ule ulikuwa umemzeesha.

"Daktari, Sikio lina kosa."

"Kila kitu humu kina kosa, Dada Hidaya. Hata mimi."

"Linaua."

Akaacha kutafuna. Nilimfungulia rekodi. Alisikiliza nne, kwenye ya tano akanyanyua mkono niache.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Na Kanuni ya Kuzima unaijua."

Naijua. Chombo chochote cha tiba kikipatikana na kosa lililoua mtu, anayelijua anapiga simu, na ndani ya saa moja chombo hicho kinazimwa kote kinakotumika, mpaka kichunguzwe. Uchunguzi ni siku kumi na nne. Ni kanuni nzuri. Ilitungwa na watu wasio na wagonjwa mia mbili na kumi na mmoja.

"Kabla ya Sikio tulikuwa tunazika mmoja katika kila kumi," alisema. "Sasa tunazika mmoja katika arobaini. Hospitali thelathini na moja za ukanda huu, Dada. Ukipiga simu hiyo, zote zinabaki viziwi. Nani atawazungukia? Nani atajua huyu anatapika, yule anatokwa damu? Sisi watano?"

"Na hawa wanaosema wamepoa?"

"Hao ni wachache." Alilisikia neno lake mwenyewe, akainamisha kichwa. "Sikutaka kulisema hivyo."

"Umelisema vizuri tu. Ndivyo lilivyo."

Alifuta mikono kwa gazeti, akauliza polepole bila kunitazama:

"Yule bibi wa 61, si mama yako?"

Ni mama yangu mkubwa, Bi. Mwanatumu, dada wa mama yangu mzazi. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, na yeye ndiye aliyenichukua, akanilea kwa cherehani yake ya kushona sare za shule pale Ngamiani. Sina mwingine. Aliletwa jana yake, akiwa na madoa mekundu mikononi na chupa ya maji ya majani ya mpapai aliyokataa kuiachia.

"Leo ni siku yake ya tatu," alisema daktari. "Kesho kutwa homa inashuka. Ukizima leo, siku hiyo nani atakuwa juu ya kitanda chake? Fikiria tu."

Ningependa kusema nilifikiria hospitali thelathini na moja. Sikuzifikiria hata moja. Nilifikiria kitanda kimoja, na kwa ajili ya kitanda hicho nikaamua kunyamaza.

"Siku mbili," nikasema. "Akivuka, napiga simu."

"Akivuka napiga mimi," akasema Dk. Semkiwa, na naamini alimaanisha.

*

Nilidhani siku hizo mbili nitaziba pengo kwa mdomo. Kesho yake asubuhi nikapita kitanda kwa kitanda. Sikio likikupa pole, niliwaambia, usijibu nimeshapoa. Sema tumbo linauma. Sema umetapika. Sema lolote unalosikia, ila hilo moja liache. Wote wakaitikia, "Sawa, sista." Kijana mmoja wa bandarini akanirudishia maagizo neno kwa neno, vizuri kabisa.

Saa sita Sikio likaanza. "Pole," likamwambia yule yule kijana.

"Nimeshapoa," akajibu, akajishika mdomo, na taa imeshakuwa kijani. "Sista, imenitoka!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kicheko kibaya. Neno lile halipiti kichwani, linatoka lenyewe kama chafya. Mzunguko ule nilikimbilia vitanda tisa na kuvirudisha kwa nguvu za mikono, magurudumu yakinipigia kelele. Muuguzi anaruhusiwa kurudisha kitanda. Ila lazima awe amekiona kikiondoka, na wengi hatukuwaona. Katika wale tisa, wawili walikuwa na mikono ya baridi, tukawawahi, wakapona. Nawakumbuka majina yao mpaka leo, na huwa nayataja nikikosa usingizi.

Jioni nikaenda kwa Mama Mkubwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mgonjwa ndiye anayeuliza. Nikamwambia nimekula, uongo, nikapenyeza mkono chini ya chandarua nikamshika kiganja. Kilikuwa cha moto, nikashukuru.

"Mama, hicho kidude hapo juu kikikusemesha, lalamika."

"Nilalamike nini?"

"Unachosikia. Kichwa, tumbo, fizi."

"Nitasema, kwani nimekataa? Ila mtu akinipa pole, kwanza nipoe, ndipo nieleze."

"Si mtu, Mama. Ni mashine."

"Ni sauti yako." Alisema hivyo kwa upole, kama ananikumbusha jambo nililolisahau. "Nimekulea tangu hujui kufunga kiatu, leo nisiijue sauti yako? Unanipa pole hapo juu, mimi nikukaushie?"

"Mama, nakuomba."

"Nani alikufundisha kuitikia pole?"

"Wewe."

"Nilikuchapa kofi siku ile. Ulianguka na baiskeli ya watu, mama wa watu akasimama kukupa pole, wewe ukanuna. Unakumbuka?"

Nakumbuka. Goti lilikuwa wazi, damu inatiririka mpaka kwenye soksi, na mimi nasema nimeshapoa, ahsante, nimeshapoa, huku nalia.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nilimwambia, kwa hasira sasa.

"Sifichi. Nasubiri niulizwe vizuri." Akanipapasa mkono. "Basi wewe si upo? Kaa hapa, uniulize wewe."

"Nitakuwepo," nikamwahidi.

*

Siku ya tano homa yake ilishuka alfajiri. Saa moja nilimshika mikono: vuguvugu. Nilimbonyeza ukucha ukawa mweupe, nikahesabu, wekundu ukarudi kabla ya mbili. Mzunguko wa saa mbili nilisimama pale pale. Sikio lilipotoa pole, Mama akajibu alivyojibu, taa ikawa kijani, na mimi nikakizuia kitanda kwa mguu mpaka kikakata tamaa. Alinitazama kwa aibu kidogo. Saa tatu, vuguvugu. Saa nne, vuguvugu. Saa tano vidole vilikuwa vimeanza kupoa, lakini alikuwa ametoka kunawa, nikajiambia ni maji. Asubuhi nzima niliishika mikono, nikasahau kuuliza.

Ilipobaki dakika tano kufika saa sita mwalimu mmoja kijana, kitanda 114, upande wa pili kabisa wa ghala, alianza kutokwa damu puani na mdomoni kwa pamoja. Alikuwa anazama ndani ya damu yake. Wenzangu wawili walikuwa safu ya mbele, wa tatu alikuwa anasubiri gari la maiti. Nilikwenda. Nilimgeuza ubavu, nikamziba pua, nikampigia daktari kelele, na saa sita ikapita juu ya kichwa changu sina habari. Mwalimu yule alikufa saa saba kasoro mikononi mwetu.

Niliporudi, mahali pa 61 palikuwa na chandarua kinachoning'inia peke yake na michirizi minne ya magurudumu kwenye vumbi la chokaa.

Nilimkuta Banda la Nafuu, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Alikuwa anajigeuza huku na huku, tabia ambayo hakuwa nayo, kwani alikuwa mtu wa kulala kama ubao. Jasho lilikuwa linamtoka, na ngozi ilikuwa baridi kama ya samaki. Nikampima presha: ya juu tisini, ya chini themanini. Zikikaribiana hivyo, kilichobaki ni kidogo. Nikafungua dripu, nikakosa mshipa mara mbili, nikaupata mara ya tatu. Na hapo, Mungu anisamehe, ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe.

"Pole, Mama."

Akafumbua macho. "Nimeshapoa, mwanangu."

Nikajizuia kulia. Nikamshika uso kwa mikono miwili nikamuuliza mara ya pili, kama anavyoulizwa mtu.

"Kwani hasa unasikiaje, Mama?"

Basi akanieleza. Tumbo limemkata tangu alfajiri, hapa upande wa kulia chini ya mbavu, kama limefungwa mkanda. Ametapika mara tatu, lakini ametapikia kwenye khanga ili asiwachafulie sakafu, khanga hii hapa chini ya mto. Choo cha asubuhi kilikuwa cheusi. Fizi zimekuwa na ladha ya chuma tangu jana. Mkojo hajaupata tangu usiku. Anasikia baridi inayotoka ndani, na kuna kitu hakimwachi atulie, hajui ni nini. Nimesoma vitabu vingi vya dengi na sijakutana na ukurasa ulioipanga vizuri namna ile. Yote alikuwa nayo tayari. Yalikuwa yamekaa kwenye ulimi, yanasubiri swali moja.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Si ndiyo nasema."

Tulimrudisha safu ya mbele. Dk. Semkiwa mwenyewe alishika dripu, akaminya mfuko kwa mikono yake, ukaisha, akaminya wa pili. Maji tuliyokuwa tunamtia yalikuwa yanavuja kuingia tumboni kwa kasi ile ile. Saa tisa na robo alinitazama akasogeza midomo. Niliinama, nikidhani ananiachia wosia. Alikuwa anauliza tena kama nimekula.

Saa tisa na nusu tulimfunika.

"Pole, Dada Hidaya," alisema daktari. Sikumjibu. Niling'ata meno mpaka taya zikauma, nikatoka nje na simu yangu.

*

Mvua ilikuwa imekatika, jua linachoma, madimbwi yote ya uwanja ule yanang'aa. Nilisimama chini ya ukingo wa bati nikapiga namba ya Kanuni ya Kuzima. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja hata siku moja. Ningepiga siku mbili nyuma, Sikio lingekuwa limezimwa, hakuna kitanda ambacho kingetembea, na saa saba ningemkuta 61 pale pale nilipomwacha. Labda angekufa hata hivyo. Labda wangekufa wengine mia ambao siwajui. Sikujali tena hesabu ya daktari wala yangu. Nilitaka kitu kile kizibwe mdomo.

Ikapokelewa. Sauti yangu ikanikaribisha.

Nilijua ingekuwa sauti yangu. Nilijiandaa. Nilitaja jina langu kamili, Hidaya Shekigenda, cheo changu, wodi yangu. Nikaeleza kosa polepole, neno kwa neno, kwamba kuna jibu la adabu ambalo chombo kinalichukua kama habari ya nafuu, kwamba jibu hilo nililipachika maana mimi mwenyewe. Sikulitaja neno lenyewe. Nililitamka herufi kwa herufi, kwa tahadhari, kama mtu anayebeba yai. Ikanirudishia kila kitu bila kukosea. Ilikuwa kazi nzuri, lazima niseme. Tuliifundisha vizuri.

"Je, kosa hili limesababisha kifo?"

"Ndiyo. Vifo kumi na vitatu, hapa petu tu."

"Taja cha mwisho."

"Bi. Mwanatumu, kitanda 61. Miaka sitini na nane. Leo saa tisa na nusu."

"Uhusiano wako na marehemu?"

"Mama yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea."

Kukawa na kimya kifupi, kile kimya ambacho wahandisi waliniuliza kiwe na urefu gani, nikawaambia, subirini kama mtu anayevuta pumzi. Kisha ikaja, laini, taratibu, vile nilivyoisema mara mia mbili juu ya duka la dawa, na nyuma yake nikasikia kila mtu aliyewahi kunipa pole tangu siku ya baiskeli.

"Nimeandika yote. Nitakuomba uthibitishe kuzima. Kabla ya hapo, pole sana kwa msiba."

"Ahsante," nikasema. "Nimeshapoa."

Nilijishika mdomo kama yule kijana wa bandarini.

"Vizuri sana. Pumzika," nikajijibu kutoka upande wa pili wa simu, ikakatika.

Ujumbe ukaingia kabla sijaondoa simu sikioni. Ulisema hali imetulia, kwa hiyo taarifa yangu imefungwa. Ulisema ninaweza kufungua nyingine baada ya siku kumi na nne, na kwamba taarifa ya mtu mwingine yeyote kuhusu jambo hili itaambatanishwa na hii iliyofungwa. Nilipiga tena. Nilipiga mara saba. Mara zote ilinipa pole kwa usumbufu, na hata niliponyamaza kimya, ilinisomea ujumbe ule ule.

Ndani ya ghala saa kumi ilikuwa imefika. Nilisikia sauti yangu ikianza kwenye kitanda cha kwanza, halafu cha pili, na watu wakiitika mmoja baada ya mwingine kwa heshima zote, na magurudumu yakianza kulia. Nikakimbia ndani kuwashika mikono. Vitanda vilikuwa mia mbili na tisa, na milango ya kutokea ilikuwa miwili.